Maganda ya Kopo la Bluu

Louhivaara, 16 Machi 1997

Shemeji Veikko,

Natumaini nyote ni wazima, wewe na mkeo Gun-Britt, na kwamba goti lako limevumilia baridi. Sisi huku tupo. Nasema sisi kwa mazoea tu. Ni mimi na mbwa wetu Halli, na Halli naye amezeeka. Analala mlangoni pale pale ndugu yako Reino alipokuwa akivulia buti, inabidi nimruke nikienda kuchukua kuni. Theluji bado imefika dirishani upande wa ghala.

Asante kwa shada la maua. Lilifika kabla ya mazishi yake, halikuchelewa. Utepe wake ulikuwa umeandikwa Kiswidi cha huko uliko, na mchungaji akausoma wote kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Hakuna aliyeelewa, ila watu walisema ni maneno mazuri. Kiti chako kilichobaki wazi nilikiwekea makoti.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Alhamisi alikuja Juntunen, mwenyekiti wa kundi la mawindo. Unamjua, hasemi neno mpaka kikombe cha tatu.

"Bi Hilkka," akasema, "kanuni unaijua. Kituo cha kuvizia ni cha nyumba, si cha mtu. Nyumba isiposimamisha mtu siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, kituo tunakipigia kura."

"Nyumba itasimamisha mtu."

"Nani, Halli?"

"Mimi."

Akatazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu liko huko. "Wewe umezoea kutembea na wanaofukuza wanyama. Kibali cha bunduki unacho?"

"Ninacho tangu mwaka ule Reino alipovunjika mkono."

"Na mtihani wa shabaha?"

"Mtihani ni Agosti. Kunywa kahawa."

Basi ndivyo nilivyosema, na sasa siwezi kurudi nyuma. Baba yenu alisimama pale kituoni kwetu, Jiwe la Mbweha, Reino akasimama baada yake, na mimi sitaki siku ya kwanza nimkute pale mtu mwingine anakojolea lile jiwe.

Bunduki ipo, lakini risasi za aina ile duka la Kajaani halileti tena. Reino alikuwa akiyajaza maganda baruti mwenyewe. Kwenye meza yake ghalani nimekuta makopo mawili ya kahawa yenye maganda matupu ya risasi, moja jekundu, moja la bluu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika kahawa wakati yeye akiyashika. Wewe na yeye mlifundishwa na baba mmoja. Niambie maganda gani yanafaa na yapi hayafai, na yanatunzwaje.

Shemeji yako,
Hilkka


Eskilstuna, 20 Aprili

Shemeji Hilkka,

Barua yako ilifika. Tuko wazima. Goti ni lile lile. Gun-Britt anakusalimu na anauliza kama unakula. Analalamika pia kwamba taulo zake za jikoni zinapotea, moja kila masika, huku akinitazama mimi. Mimi habari za taulo sizijui.

Pole tena.

Mambo ya kujaza risasi niliyaacha nilipoacha kuwinda huko kwenu, kwa hiyo nakumbuka kidogo tu.

Kwanza, kama Reino ameacha risasi zilizojazwa, usizipige. Si kwamba hakujua kazi. Ni kwamba huwezi kumuuliza.

Pili, ganda la shaba si chupa ya maziwa kwamba likiwa zima kwa macho basi ni zima. Kila mlipuko hulivuta kidogo, shaba hukimbilia shingoni, na huku chini karibu na kitako hubaki nyembamba. Kwa hiyo: mwanga wa dirisha, si wa taa. Tazama shingo. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa. Tazama juu kidogo ya kitako. Ukiona duara linalong'aa kulizunguka ganda, lishuku. Chukua waya mgumu, pinda ncha yake kama ndoana, iingize ndani na uivute juu taratibu ukigusa ukuta wa ganda. Ncha ikikwama kwenye mfereji mahali hapo, ganda hilo limechoka. Siku yoyote litakatika vipande viwili, kimoja kikibaki ndani ya bunduki. Tazama tundu la fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Fataki lazima iingie kwa kusukumwa. Ikiingia yenyewe kama mtu anayeingia kwake, tupa.

Kuosha: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, ndimu kidogo, usiliache limelala humo. Ndimu ikikaa sana hula shaba ikageuka rangi ya waridi. Dawa za kusafishia zenye amonia usizisogeze karibu kabisa. Ganda litang'aa na litavunjika.

Urefu wa shingo upime, ikizidi ikatwe. Habari ya baruti usiniulize kwa barua. Juntunen ana kitabu na mizani, akujazie yeye.

Tumia kopo jekundu. La bluu tupa. Usiniulize kwa nini.

Hicho ndicho kidogo ninachokumbuka.

Veikko


Louhivaara, 11 Mei

Shemeji Veikko,

Tunamshukuru Mungu barafu ya ziwa imeondoka, na korongo wamerudi kwenye shamba la Juntunen, wanatembea kama wanalipima. Mwambie Gun-Britt nakula. Alhamisi napika supu ya njegere kama kawaida, ila sijajua bado kuipika ya mtu mmoja, hivyo naila mpaka Jumapili.

Nimefanya kama ulivyoniagiza. Nilikaa kwenye kiti cha Reino karibu na dirisha la ghala. Unakumbuka alivyokuwa akizungusha dole gumba kwenye mdomo wa kila ganda huku akivumisha wimbo ule mmoja wa kanisani? Sikuwa nimejua kwa nini anafanya vile. Sasa najua, dole husikia kabla ya macho. Wimbo bado sijui ulikuwa wa nini.

Waya sikuwa nao, nikanyoosha kibanio cha nywele na kukipinda ncha. Machache yalikuwa na huo mfereji. Unausikia kama ufa wa kikombe unaoukuta kwa ukucha. Hayo nimetupa. Mengine yalikuwa mazima, nikayaosha kwa sabuni na ndimu.

Nilikuwa nimeoka mkate mweusi wa rai siku hiyo, kwa hiyo nikayakaushia kwenye tanuri, kama tunavyokausha uyoga. Niliyasukuma nyuma kabisa, pale penye makaa, yakauke upesi. Yametoka mazuri ajabu, na rangi za zambarau na bluu kama shingo ya bata dume. Je, huo ndio mng'aro unaotakiwa?

Kopo la bluu sijalitupa. Reino hakuwa mtu wa kuweka takataka kwenye kopo lenye kifuniko.

Hilkka


Eskilstuna, 19 Mei

Shemeji Hilkka,

Nakujibu siku ile ile niliyopata barua. Sote wazima.

Umeyaoka.

Ganda linatakiwa liwe laini shingoni na gumu kitakoni. Shingo hupashwa moto kidogo mara moja moja, shingo tu, kitako kikiwa kimesimama ndani ya maji. Wewe umelipika lote. Sasa kitako nacho ni laini, na risasi inapolipuka kitako ndicho kinachozuia moto usikurudie usoni. Zile rangi za bata dume ndizo dalili yenyewe.

Hakuna dawa ya kuligeuza likawa gumu tena. Chukua nyundo uyaponde yote, moja moja, ili hata mtu mwingine asije akayaokota.

Usijisikie vibaya. Mama aliwahi kuchemsha darubini ya Baba.

Veikko


Louhivaara, 8 Juni

Shemeji Veikko,

Natumaini huko kwenu kiangazi ni chema. Hapa usiku hauingii tena, na Halli haelewi alale saa ngapi. Nimepanda viazi nusu ya vya mwaka jana. Kaburi la Reino limezama kidogo baada ya barafu kuyeyuka. Wamelijaza udongo, na mwezi huu watasimamisha jiwe.

Nimeyaponda. Juntunen alikuwa akipita barabarani, akasikia, akaingia ghalani.

"Unapigana na nani humu?"

"Na mkate wangu," nikamwambia.

Akaokota moja lililopondeka, akalitazama rangi, akalirudisha chini taratibu kama yai. "Bi Hilkka, sasa utapiga kulungu kwa kitu gani? Kwa mwiko?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mlangoni aligeuka akaniambia kuna watu wawili wamekwisha kumuuliza juu ya Jiwe la Mbweha.

Hukuwa umeniambia niyakaushie wapi. Nimeisoma tena barua yako yote, haimo. Nami nakiri sikuuliza. Tuseme kosa ni la tanuri, maana nyumba hii imewahi kuona watu wakitafuta nani mwenye kosa, na hatukupata faida.

Basi kwa kuwa la bluu ndilo lililobaki, nililifungua. Nilidhani nitakuta kutu ya kijani. Maganda yote ni safi, hayana hata doa. Nilijaribu moja kwenye bunduki ya Reino, komeo likafika nusu likakwama. Nikajaribu la pili, na la tatu. Yote yanakwama.

Yalikuwa yamefungwa ndani ya kitambaa. Nimekitambua. Ni kipande cha mapazia yangu ya jikoni, yale ya maua ya bluu. Mapazia hayo niliyashusha kiangazi cha mwaka juzi, na kipande hicho nilikitafuta sana, Reino akaniambia labda kimeliwa na panya.

Maganda haya ni ya nani, Veikko? Nadhani ninajua, lakini afadhali uniambie wewe. Na kama hayanifai, niambie pia, ili nimwambie Juntunen apige kura yake.

Hilkka


Louhivaara, 13 Julai

Shemeji Veikko,

Natumaini ni wazima. Sijapata barua yako na sasa ni mwezi na zaidi. Labda imepotea, posta ya huku wamembadilisha mpeleka barua na huyu mpya anaogopa Halli, ingawa Halli hasimami.

Nimekata nyasi na majirani wamenisaidia kuanika. Jiwe la kaburi limesimamishwa. Limeandikwa jina na miaka, na chini nafasi ya jina langu. Fundi aliniuliza kama aache pia nafasi nyingine, maana jiwe ni pana. Nikamwambia aiache tu, haigharimu kitu.

Mtihani wa shabaha ni mwisho wa Agosti. Juntunen akinikuta dukani ananiuliza, "Bado?" Namjibu, "Bado." Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Kama kuna nililoandika lililokukera, ni lile la mapazia au lile la kosa? La mapazia ni kweli. La kosa nalo ni kweli, lakini naweza kulifuta.

Hilkka


Eskilstuna, 27 Julai

Shemeji Hilkka,

Barua zako zote mbili zilifika. Hakuna kilichonikera. Nilikuwa na kazi.

Maganda ya kopo la bluu ni yangu.

Unajua bunduki zetu Baba alizinunua siku moja, kama dada na dada, lakini mafundi walizitoboa chemba, pale risasi inapokaa, tofauti kidogo. Ya Reino ni fupi begani na nene tumboni. Yangu ni ndefu na nyembamba. Gun-Britt aliona picha yetu sisi wawili akasema hakuna haja ya kumweleza zaidi. Ganda likilipuka hutanuka na kuchukua umbo la chemba iliyolilipua. Baba alituachia kalibu la kubana shingo tu, halibani mwili, kwa hiyo ganda la Reino ni la bunduki ya Reino mpaka linakufa, na langu ni la yangu. Ndiyo maana ya makopo mawili na rangi mbili.

Mwaka 85 yalichanganywa. Mimi nilikuwa nimesimama kituoni kwangu, kwenye daraja la magogo. Kulungu dume akatoka akasimama mbele yangu, karibu sana, komeo langu likafika nusu. Nikasukuma. Akaniangalia kama karani wa benki anavyomwangalia mtu aliyesahau kitambulisho, kisha akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Juntunen aliwasimulia watu mpaka Pasaka. Mimi nilisema ni Reino aliyeyachanganya, Reino akasema ni mimi. Ugomvi uliofuata unaujua, ulikuwepo mezani.

Jioni ile niliondoka na risasi zilizokuwa kwenye mkoba wangu. Baadaye nilizijaribu moja moja. Zilizokataa kufunga nilizing'oa vichwa, nikamwaga baruti, nikaweka maganda. Hayo ni ya Reino. Sikuyatuma kwa sababu hakuniomba.

Nimeyakuta tu kabatini nyuma ya mashine ya kufagilia. Yamo kwenye kifurushi hiki. Nimeyachunguza kwa waya. Nimeyapasha moto shingo, vitako vikiwa ndani ya maji. Gun-Britt anatafuta na sinia lake la keki. Yanatosha mtihani na yanatosha kituo.

Yakilowa yaweke dirishani juu ya kitambaa. Dirishani, Hilkka.

Veikko


Louhivaara, 28 Septemba

Shemeji Veikko,

Hamjambo huko. Mimi leo nimechoka miguu lakini sina ugonjwa. Asubuhi ilikuwa na baridi kali nyeupe, na sasa Halli analala karibu na jiko, ananuka msitu, ingawa hakwenda mbali zaidi ya choo.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka niwe na la kusema.

Kifurushi kilifika. Maganda ni safi kuliko vijiko vyangu. Mwambie Gun-Britt taulo zake nimezipata zote, ile ya jogoo, ile ya mistari myekundu, na nyinginezo. Umeviringisha maganda mawili matatu ndani ya kila moja. Nimezifua na kuzipiga pasi. Sikuhesabu ni za miaka mingapi.

Niliingiza ganda la kwanza kwenye bunduki ya Reino nikiwa nimesimama ghalani peke yangu. Komeo lilishuka lenyewe, kama mlango wa nyumbani. Nilifunga na kufungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Juntunen alinijazia kwa mizani na kitabu chake, huku amevaa miwani miwili. Mtihani nilishindwa mara ya kwanza, nilipiga picha ya kulungu miguuni. Mara ya pili nilipita. Mtu wa mtihani alisema, "Mama, bunduki hiyo ni kubwa kuliko wewe." Nikamwambia mwenye bunduki alikuwa mfupi pia.

Jana nilisimama Jiwe la Mbweha. Nilifika kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, nikakuta Reino ameacha kigogo chake cha kukalia, kimeota kuvu upande mmoja. Nilikalia upande mwingine. Chini ya jiwe kulikuwa na karatasi ya peremende aliyoikunja ndogo ndogo kama alivyozoea. Nimeiacha pale pale.

Mbwa walibweka mbali, wakanyamaza, wakabweka karibu. Kisha akatoka kwenye misonobari, dume mdogo, mrefu kama farasi, akasimama. Aliniangalia. Nikawaza habari ya yule karani wa benki. Nikafunga komeo, likafunga, nikapiga. Alipiga hatua chache akalala kana kwamba alikuwa amepanga kulala hapo.

Juntunen alipofika alimtazama kulungu, akanitazama mimi. "Kituo ni cha nyumba," akasema. Akavua kofia. Sijui alimvulia nani.

Wanaume walipokuwa wakimpasua, mimi nilipiga magoti kutafuta ganda. Lilikuwa limerukia kwenye zulia la kuvumwani, bado lina joto kidogo. Nilizungusha dole gumba mdomoni mwake. Halina ufa. Nimeliosha na liko dirishani, na kesho linaingia kopo jekundu.

Fungu lako la nyama nimeligandisha. Baba yenu aliweka kanuni kwamba mwenye maganda ana fungu, au kama hakuiweka, naiweka mimi.

La daraja la magogo, nilimuuliza Juntunen ni nani anayesimama pale sasa. Akasema hakuna. Nikamuuliza tangu lini. Akasema kila mwaka siku ya kura Reino alikuwa akiinua mkono na kusema kituo hicho kina mtu, na hakuna aliyetaka kubishana naye.

Kopo la bluu silipeleki posta. Ni zito. Ukilitaka njoo ulichukue.

Shemeji yako,
Hilkka


Eskilstuna, 6 Oktoba

Shemeji Hilkka,

Wazima. Goti ni lile lile.

Haliwezi kuwa zito kiasi hicho.

Meli inafika Turku Ijumaa asubuhi ya tarehe 17, basi linafika Kajaani jioni. Gun-Britt anakuja pia, kwa ajili ya taulo zake. Ninakuja na bunduki, kwa sababu maganda hayawezi kupimwa bila bunduki, si kwa sababu nyingine yoyote. Mwambie Juntunen hivyo hivyo. Kama daraja la magogo bado halina mtu Jumamosi, naweza kusimama pale kwa muda, kuangalia tu kama lote bado lipo.

Kabla ya hapo ningependa nipite kanisani. Kwenye lile jiwe la kaburi, niambie ile nafasi nyingine iko upande gani.

Mpaka nifike usitie kitu chochote tanurini. Mkate unaruhusiwa.

Veikko